Mwalimu Anasindikizwa

Nilikuwa nikifundisha watu wa mtaa wetu wa Katwe namna ya kumzuia jirani asijiue. Nina shahada, nina sauti nzito, na mwaka ule nilikuwa pia na nyumba iliyobaki kimya baada ya mke kuondoka. Hilo la mwisho sikulitaja darasani.

Zoezi lilikuwa jepesi: muulize mwenzako waziwazi kama anafikiria kujiua, akikubali, usimwache peke yake. Lakini hapa Kampala, Kiswahili ni lugha ya askari. Mtu akiulizwa swali kavu kwa Kiswahili hujibu kana kwamba yuko kituoni. Darasa zima lilikana, tukacheka.

Mama mmoja Mkongomani, mshonaji, akanigeukia. "Na weye, Mwalimu? Unawazaka kujiua?"

"Hapana," nikasema upesi.

"Umejibu kama mwizi," akasema polisi aliyekaa nyuma, bado na sare yake. Wakacheka tena. Mama hakucheka.

"Nauliza kweli, baba."

Nikautazama ubao, mwandiko wangu mwenyewe. "Ndiyo," nikasema. "Karibu kila siku."

Ningependa kuandika kwamba nilijisikia mwepesi. Niliona haya tu, kama mtu mzima aliyevuliwa shati sokoni. Nao, kwa bahati mbaya, walikuwa wamenisikiliza vizuri. Mama akaichukua simu yangu, akampigia dada yangu, kisha akabeba mkoba wangu. Polisi akanishika mkono. Tukaelekea kwangu, tukapita katikati ya karakana za mafundi wa mtaa, nyundo zikanyamaza.

"Afande, mwalimu alifanya nini?" akauliza fundi wa masufuria.

"Hakuna. Sisi nasindikiza yeye tu."

"Eh! Hata mimi walinisindikiza hivyo hivyo. Mpaka selo."

Nilitamani kumwambia nimeiba. Wizi una heshima yake.

Nyumbani kwangu yule mama akafungua dirisha, akaviona vikombe vilivyoota ukungu, akaanza kuviosha. Vikombe vile viliniaibisha kuliko yote niliyosema darasani. Nikawaomba waende.

Polisi akakalia kiti changu cha pekee, akavua kofia. "Mwalimu, ulisema tusiache mtu peke yake."

"Nilisema."

"Basi. Majani ya chai iko wapi?"

Nikamwonyesha. Dada yangu alipofika alinikuta mkekani kati ya wageni wangu, nikipuliza chai ambayo ilikuwa imeshapoa, ili nisimtazame mtu usoni.