Viti vya Plastiki Nyuma ya Zhanqian

Mwezi uliopita nilirudi Guangzhou kununua magauni ya watoto. Nilipomaliza shughuli za Zhanqian, mtaa wa maduka ya nguo karibu na stesheni, miguu ilikata kona yenyewe, ikaingia uchochoro wa nyuma kuitafuta baa aliyokuwa akinipeleka baba nikiwa mtoto. Kama umewahi kurudi mahali ulipokulia, unajua nasema nini.

Naiita baa, lakini usifikirie taa za rangi na muziki. Kilikuwa chumba kimoja chenye meza nne za kukunja, na viti vyekundu vya plastiki vilivyofika mpaka njiani. Mwenyewe alikuwa mama wa Kichina ambaye wanunuzi wote wa Kiafrika walimwita laobanniang, yaani bosi wa kike. Alichemsha karanga kwa chumvi, akakaanga konokono wa mtoni kwa pilipili hadi tukapiga chafya. Hapakuwa na menyu. Ulikula alichopika siku hiyo, basi.

Baba alikuwa akinunua nguo soko la Shahe kwa ajili ya wenye maduka wa Mbeya. Wiki nzima aliambiwa meiyou: hakuna saizi, hakuna rangi hiyo, hakuna kupunguza. Jumapili mchana, tukitoka ibadani, alitaka kukaa mahali ambapo hakuna mtu anayemuuzia kitu. Mama yangu hakupapenda pale. "Baa haina kiti cha mtoto," alisema kila Jumapili, na kila Jumapili baba alinishika mkono tukaenda, maana nilisoma shule ya mtaani pale na Kichina nilikimeza kama uji. Bila mimi angekaa bubu.

Rafiki yake pale alikuwa mzee mmoja wa Kichina aliyevuta mikokoteni ya mizigo stesheni enzi za nguvu zake. Baba alimfundisha drafti kwa vizibo vya bia. Mzee aliiba waziwazi.

"Mwambie kete hairudi nyuma!" baba alifoka.

"Mwambie kwetu inarudi," mzee alijibu, nami nikafikisha, na wote wawili wakacheka kabla sijamaliza. Walikaa hivyo miaka mitatu.

Jumapili moja tulikuta kiti chake kitupu. Laobanniang alijifuta mikono, akaniinamia. Mzee alianguka pale mlangoni siku ya Alhamisi, alisema, akachukuliwa na gari la wagonjwa. Akanitajia hospitali. Nilipomweleza baba, aliiacha bia mezani bila kuifungua.

Mapokezi hospitalini, nesi aliuliza bila kuinua macho, "Mgonjwa anaitwa nani?"

Nikamgeukia baba. Jina hakulijua. "Mwambie ni mzee mrefu, mkono wa kushoto amepungukiwa kidole."

Bila jina, nesi alisema, hawezi kutafuta. Baba akampigia laobanniang, akanipa simu. Nikamsikia akiwauliza wateja wake. "Mimi huwa namwita Babu tu," alisema mwishowe. "Wote humwita hivyo."

"Ninyi ni nani wake?" nesi akauliza.

"Mwambie mimi ni ndugu yake."

Nilikuwa na miaka kumi, na nilijua itakavyosikika. Nikasema hivyo hivyo, kwa sauti ndogo. Nesi alimtazama baba kuanzia viatu hadi nywele. Hakucheka, afadhali angecheka. Akaniambia taratibu, kama mtu anayemhurumia mtoto, kwamba wanaoruhusiwa ni ndugu wa kweli, na kwamba tusijisumbue kurudi.

"Anasemaje?" baba akauliza.

Uso wake ulikuwa na matumaini kiasi kwamba ulimi wangu ulikataa. "Anasema turudi kesho."

Kesho yake nilikuwa shuleni. Baba alikwenda peke yake, na maneno yake matatu ya Kichina ya sokoni. Sijui walimwambia nini, wala yeye alielewa nini. Alirudi jioni, akavua viatu, akaomba chai. Hakuniuliza kitu. Wiki ya pili laobanniang alitueleza kuwa mtoto wa mzee alikuja kumchukua, akampeleka kwao, mkoa wa mbali. Akiwa hai au maiti, naye hakuambiwa. Mwaka uliofuata tulirudi nyumbani, na ule uongo wangu nimekaa nao mpaka leo.

Safari hii nilikuta pale duka la chai lenye vioo. Unaagiza kwa simu, kikombe kinatolewa dirishani, unaondoka. Nilimuuliza binti wa ndani kuhusu laobanniang. Alisema amefika mjini juzi tu, samahani dada.

Nilimpigia baba nikiwa nimesimama barabarani. Siku hizi kusikia kwake ni kwa shida. Nilitaka kumwambia ya nesi. Nikamwambia ya duka tu.

"Hakuna viti?" akauliza.

"Hakuna, baba."

"Sasa mtu asiye na ndugu pale," alisema, "Jumapili anakaa wapi?"

Mara hii sikuweza kumtungia jibu, kama nilivyomtungia lile la nesi.