Kontena Lililobeba Makaburi

Bibi yangu mzaa mama amezikwa Mahajanga, pwani ya Wamalagasi, na mama hakuwahi kuliona kaburi lake. Kwetu wanawake hawafuatani na jeneza. Wanaume ndio waliozika, na miezi michache baadaye, mwishoni mwa miaka ya sabini, familia ikahamia Zanzibar, mimi nikiwa mgongoni. Wale wazikaji wakatawanyika, wakafa mmoja mmoja. Kaburi lenyewe ni mawe mawili yasiyo na jina, kama mengi mengine pale.

Nilirudi Mahajanga mtu mzima, nikapata kazi ya kompyuta katika jumuiya ya Waislamu wenye asili ya Ngazija. Tulikuwa na seva moja ya Unix, yaani kompyuta kuu ya ofisi, na ndani yake makontena matatu. Kontena, kwa asiyejua, ni kama chumba katika nyumba ya kupanga: kila mpangaji ana mlango wake na kufuli lake, lakini msingi na paa ni vya wote. Kontena mojawapo lilishika orodha ya makaburi: jina, safu, namba. Daftari la karatasi lilishaoza kwa mvua. Mama aliponipigia simu kuulizia kaburi la mamaye, nilitafuta jina likatokea, nikamwambia lipo, aje tu. Namba sikuiandika popote. Ya nini, nayo imo ndani ya mashine?

Ndipo jumuiya ikaamua kufunga ofisi ya Mahajanga na kuhamishia kazi zote kisiwani Nosy Be, kwenye seva nyingine. Mama alikuwa ameshakata tiketi. Angefika baada ya siku kumi.

Kuhamisha kontena kuna adabu zake. Unalizima, unalibandua kwenye mashine ya zamani, unalifunga liwe faili moja, kisha unakwenda kulibandika kwenye mpya. Ipo pia amri ya kuuliza kwanza kama mashine ile italipokea, na hujibu bila kuhamisha chochote. Niliijaribu mara mbili, laini ikakatika mara mbili, nikaghadhibika nikaacha. Boti za Antsahampano, zinazovusha watu kwenda Nosy Be, huenda na maji kujaa na kupwa, na maji hayamsubiri mtu. Nikalifunga kontena, nikalitia kwenye diski, na diski mkobani.

Mwenzangu wa ofisini, mwanamke wa Kimalagasi mwenye utaratibu kunishinda, nilimwachia kazi moja. Seva ya zamani ilikuwa imeahidiwa shule, basi aifute yote kisha aikabidhi. Mama alinilea hivyo: ukihama nyumba, fagia, usimwachie mwenzio uchafu wako.

Nosy Be kontena likakataliwa. Mfumo wa seva ile ulikuwa wa zamani kuliko wa Mahajanga, na faili langu lilifungwa kwa namna mpya ambayo haukuijua. Nilibadilisha anwani, nikabadilisha jina la kadi ya mtandao, nikaandika upya mipangilio yote, nami najua fika kwamba tatizo si hilo. Jibu likawa lile lile, mistari miwili. Nikampigia mwenzangu kumwambia asifute. Akanijibu kwa Kifaransa, kwa fahari, kwamba alimaliza jana na walimu wameshaichukua. Nilimshukuru. Nakala ya akiba ndiyo hiyo niliyoibeba, nzima, na sikuweza kuifungua. Mfumo mpya ungeletwa kutoka ng'ambo, na hilo lingechukua miezi.

Nilimpokea mama Mahajanga nikiwa nimeazimia kumwambia kweli. Alishuka na ubani, chupa ya marashi na msahafu wake mdogo, akataka twende makaburini kabla hata ya kunywa chai. Nilikuwa nyuma yake, nimembebea ubani. Alipita taratibu kati ya safu, akasimama penye kaburi moja lililokuwa safi kidogo kuliko jirani zake.

"Ndilo hili, mwanangu?"

"Ndilo, mama."

Akakaa chini. Akasoma Yasini, akamwaga marashi, kisha akaanza kumsimulia mamaye mambo ya miaka yote ile: nani kaolewa, nani kafa, nani kamtia aibu. Alilia. Mimi nilisimama nikihesabu safu, kwa kuwa sikuwa na jambo jingine la kufanya, na sijawahi kujiona dhaifu kama siku ile.

Miezi mitano baadaye mfumo mpya ulifika Nosy Be. Kontena likabandikwa mara ya kwanza tu, hata chai haijapoa. Nikafungua orodha. Bibi yuko safu ya saba, karibu na ukuta. Lile la safu ya tatu, alilolilia mama, ni la baharia mmoja asiye na jamaa aliyeandikwa.

Mama yuko Zanzibar na hawezi tena kusafiri. Sikumwambia. Kila Idi hupiga simu kuniuliza kama nimemfagilia mamaye, nami namjibu ndiyo. Ni kweli. Kila nikienda Mahajanga nafagia makaburi mawili, na huanza na la baharia.