Siku Karakana Ilipokwenda Matema

Kwenye kichwa cha kaburi, mahali anaposimama mtoto wa kwanza, hapakuwa na mtu. Waombolezaji wa Matema walipaacha wazi wakidhani mwenyewe yuko njiani. Mchungaji alisubiri, akatazama mawingu, akaanza sala. Udongo wa kwanza, ambao Yusto ndiye aliyepaswa kuutupa, ulitupwa na Gloria, mdogo wake.

Yusto ni fundi wa karakana ya halmashauri, Kyela mjini. Magreda na malori ya taka huoshwa hapo, na maji machafu huingia kwenye shimo la zege. Oili huelea juu. Maji hutoka kwa bomba la chini, kisha hufuata mtaro mpaka kwenye majaruba ya Atupele, jirani wa karakana. Mvua kubwa ikija, shimo hujaa na oili huvuka ukingo. Msimu mmoja ilivuka. Mpunga wa Atupele ulikufa ungali miche, na Yusto akamwahidi kwamba haitatokea tena. Tangu hapo, wingu likitanda, huchota oili kwa ndoo, kisha humwaga pumba za mpunga zinyonye inayobaki.

Mama yake alipofariki, karakana ilifungwa. Huku mtu hafiwi peke yake. Mkuu wa karakana, mafundi, hata mlinzi, wote walipanda lori kwenda kuzika Matema, kijijini kwao Yusto. Yusto alikuwa ameshakanyaga ngazi alipoona milima imefunikwa na mawingu, meusi mpaka chini.

"Wilson, ndugu yangu, baki uangalie shimo."

"Mimi? Nibaki huku mama yako anazikwa? Kesho watu waseme Wilson alikuwa analea oili?"

Lori zima likacheka, kicheko kifupi cha msibani.

"Aliko, wewe je?"

"Kaka, mimi ndiye dereva. Nikibaki, mtakwenda na nani?"

Yusto akashuka. "Tangulieni. Nikimaliza nakuja na bodaboda."

Mvua ilishuka kama kawaida ya Kyela, bila kupumzika. Alichota, akamimina kwenye pipa, akachota tena. Alingoja kulia, kilio hakikuja. Kulikuwa na ndoo tu, na maji yanayopanda.

Atupele alipita, jani la mgomba kichwani. Akasimama.

"Yusto! Si mnazika leo?"

"Wenzangu wamekwenda."

Mama yule alimtazama, akatazama shimo. Alichukua debe la pumba, akawa anamwaga pale alipoonyeshwa.

Oili haikuvuka. Lakini mvua ilipokatika, kaburi lilikuwa limeshafunikwa. Yusto alifika Matema jioni, nguo zikinuka dizeli.

"Kaka, ulikwama wapi?" Gloria aliuliza.

"Kwenye shimo la oili."

"Oili ndiyo iliyokuzaa?"

Shangazi mmoja alimletea kiti, sahani na kijiko, wakati wengine wote walikuwa mkekani wakila kwa mkono sinia moja.

"Karibu mgeni," shangazi alisema.

Yusto alikaa, akala wali wote. Aliona kwamba anatazamwa, na kwamba haimuumi. Alinawa, akaaga, akapanda bodaboda ileile iliyomleta.

Atupele alivuna msimu ule. Yusto bado ni fundi katika karakana hiyo. Anaishi chumba cha kupanga mjini Kyela, na Matema hajarudi.