Kisahani Kilichotolewa Kwenye Ndoo

Saa mbili asubuhi, chai yake ikiwa bado inafuka moshi, Mama Kuvu anafungua kabati la joto na kutoa visahani vya kuoteshea vijidudu, kimoja kimoja. Havifunui. Anaviinua kwenye mwanga, anakunja uso, anaandika.

Hospitali nzima inamwita hivyo, naye analipenda jina. Kwa miaka ishirini na miwili mtaalamu huyu wa maabara amekuwa akisaka kuvu kwenye makohozi ya watoto ambao kinga yao imeshuka, wengi wakiwa na saratani ya damu. Mumewe, fundi cherehani, humtania kwamba ameoa mtu pekee anayefurahia mkate ulioota ukungu.

“Vijidudu hivi sote tunavivuta kila siku,” anasema. “Sisi havitufanyi kitu. Hawa vinawaotea mapafuni.”

Kazi yenyewe haitaki pupa, maana kuvu huweza kuchukua siku kadhaa, hata wiki, kuonekana.

Mwezi uliopita kulikuwa na msichana wa miaka sita, homa siku ya kumi na moja, dawa za bakteria zimegonga mwamba. Kisahani chenye makohozi yake kilipoota madoa ya kijani, mwenzake Mama Kuvu wa zamu aliandika kwamba ni uchafu wa hewani, akakitia kwenye ndoo ya kuteketezwa. Kosa hilo hufanywa na wengi, kwa kuwa ukungu wa hewani huingia kwenye visahani bila kualikwa.

Mama Kuvu alikiopoa. Yeye hupaka makohozi kwa mstari wa kupindapinda, na madoa yote yalikuwa yamekaa juu ya mstari huo.

“Uchafu hutua popote,” anaeleza. “Ukungu huu ulifuata mkono wangu. Ulitoka kifuani mwa mtoto.”

Daktari alitaka sampuli ya pili, ya kutazamwa papo hapo kwa hadubini, na picha ya kifua. Vyote vilionyesha kuvu, na jioni hiyo mtoto akaanzishiwa dawa ya kuvu. Siku ya tano mama wa mtoto alisimama mlangoni mwa maabara, akasema, “Dada, leo ameomba chakula mwenyewe.”

Wote wawili walilia, na Mama Kuvu haoni aibu kulisema.

Yule mwenzake wa zamu hakugombezwa, alifundishwa. Sasa hakuna kisahani kinachotupwa kabla hakijatazamwa na watu wawili, na kila Ijumaa Mama Kuvu anawafundisha wenzake wanne kuusoma mstari. Mwakani anastaafu.

“Sitaki wanikumbuke,” anasema. “Nataka mtoto atakayekuja nikiwa sipo naye apone.”