Mama Mkwe Kwenye Ambulensi

Sipendi mikutano. Ndiyo maana wenzangu walipopendekeza kwamba zamu yetu ya wauguzi iwe ikiamua mambo kwa pamoja, mimi kiongozi wa zamu nilinuna. Lakini tulikubaliana: tukikwama, tunasimama kando ya toroli la dawa, aliye mdogo kazini anasema kwanza ili asiogope wakubwa, na litakaloamuliwa linatufunga sote. Metroni, mkuu wa wauguzi, alikubali shingo upande. Alisema mgonjwa mmoja tu akitufia kwa sababu ya vikao hivyo, tutarudi kupokea amri kama zamani.

Mchana mmoja akaletwa mama wa makamo kutoka Nyansiongo, anavuja damu kwa sababu ya uvimbe kwenye mji wa mimba. Tulimtundikia maji, tukamjaza vitambaa vya bandeji ndani mpaka damu ikatulia. Upasuaji ungefanyika hospitali kubwa ya Kisii. Ambulensi ilikuwa nje, inanguruma. Kilichobaki ni muuguzi wa kwenda naye, maana damu ikianza tena njiani, lazima mtu amfunue, atoe vitambaa vile na kujaza vingine kwa mkono wake.

Tulikuwa watatu. Mimi nilikuwa na msichana anayejifungua mtoto aliyetanguliza makalio, na pale hakuna mwingine aliyewahi kuzalisha mtoto wa namna hiyo. Mwenzetu wa kiume, anayetushinda sote kwa kuzuia damu, alikuwa amekipa kitanda cha yule mama mgongo tangu aletwe. Nilidhani ni uvivu, nikamkaripia.

Kwenye toroli, mdogo wetu alisema kwanza. Alitaka mwenzetu ndiye aende, kwa sababu yeye mdogo hajawahi kushika damu kama ile akiwa peke yake.

"Yule ni mama mkwe wangu," mwenzetu akasema. "Mimi siwezi."

Kwetu Gusii hayo yanatosha. Mtu hamgusi mama mkwe wake. Hali naye meza moja, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Kumwona bila nguo ni aibu inayoweza kumvunjia mtu nyumba.

Mmoja alikuwa amesema aende, mwingine amekataa, na sauti iliyobaki ilikuwa yangu. Nilichukia toroli lile na makubaliano yetu yote. Zamani metroni angeamuru, na lawama zingekuwa zake. Naye hakukawia kutokea mlangoni, akaniambia nimpeleke yule mdogo, nisimdhalilishe mwanamume wa watu. Nilimtazama mdogo. Alikuwa akivaa glavu ya kulia mkono wa kushoto.

"Aende yeye," nikasema, nikimwelekeza mwenzetu kwa kidevu.

Hakubisha. Alichukua vitambaa na glavu, akapanda ambulensi. Metroni aliniambia kwamba likiharibika ni langu. Kabla sijafungua mdomo, mdogo akamjibu kwamba ni letu sote.

Mtoto wa yule msichana alizaliwa, akalia. Sikufurahi ipasavyo, masikio yangu yalikuwa kwenye simu. Ilipoita, mwenzetu alisema damu ilianza tena kabla hawajafika mjini, akafanya ilivyobidi, na mama alikuwa ameingizwa chumba cha upasuaji akiwa hai. Halafu akaniuliza atamwambia nini mke wake. Nilikaa kwenye benchi nikalia.

Mama alipona. Alipokuja kliniki kuangaliwa kidonda, mwenzetu alimwona kwa mbali akaingia stoo, akarudisha mlango. Nilijua ilikuwa ni zaidi ya heshima ya kawaida. Tangu siku ile hakuwa amekanyaga kwa wakwe zake, na mke wake alikuwa ameanza kuuliza kulikoni.

Mama alikuja moja kwa moja hadi nilipokuwa, karibu na mlango wa stoo. Hakuutazama. Alizungumza nami kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika.

"Sista, kuna daktari alinipeleka Kisii," alisema, maana kwetu kila muuguzi wa kiume ni daktari. "Nilikuwa nimezimia, sikumjua ni nani. Umwambie asante."

Dereva wa ambulensi alikuwa ameshanisimulia kwamba mama huyu alikuwa macho safari nzima, akisali. Nikamjibu kwamba daktari huyo nitamwambia.