Ua la Tinde

Jamani, aibu hii nilijitakia. Mimi huchora mapambo ya kudarizi kwa gazeti la kina mama. Mwezi ule nilikwama, nikaiba alama ambayo jirani yangu, Mzee Masanja, huwachoma ng'ombe wake pajani. Nikaiita "Ua la Tinde", kwa jina la kijiji chetu. Nilijiambia, mfuga ng'ombe hasomi gazeti la ushonaji.

Kweli, hakulisoma. Lakini kina mama wa parokia walilisoma, wakalidarizi ua lile kwenye vazi jipya la padri. Jumapili padri alipogeukia altare, nikaliona mgongoni, kubwa kama sinia.

Mzee Masanja akasimama katikati ya misa.

"Nani kachora hiyo?"

Kina mama wote wakanigeukia.

"Mama Kulwa! Kumbe na padri ni wa zizini kwangu?"