Mkono wa Kulia wa Bujiku

Kaka yangu Bujiku alipenda kujitolea, hata pale ambapo hakuna aliyemwomba. Mwaka 1951 alikuwa akimposa Scolastika, binti wa Mzee Maige wa hapa kwetu Kharumwa, ila ng'ombe wa mahari walipungua wawili. Maige naye alikuwa na shida yake. Dresa, yaani tabibu msaidizi wa serikali, alikuwa anakuja kuchanja watu wote dhidi ya ndui, na mzee yule, aliyewahi kuua fisi kwa rungu, aliiogopa sindano vibaya sana.

"Ng'wanawane, mwanangu," alimwambia Bujiku, "kachanjwe kwa jina langu, uniletee kovu, nami ng'ombe hao wawili nasamehe."

"Basi imekwisha hiyo, baba."

Kwa kweli aliiona kazi ndogo. Alishachanjwa mwaka uliotangulia, akiwa kibarua mgodini Geita. Siku ya chanjo akajitanda shuka la mzee, akaficha bega la kushoto lenye kovu, akatoa mkono wa kulia. Jina la Maige lilipoitwa akakohoa kizee na kujikokota mbele.

Baada ya wiki dresa, Ignas jina lake, alirudi kukagua. Mikono ya watu wote ilikuwa imetunga usaha, isipokuwa wa "Mzee Maige".

"Haijashika," akasema, akamchanja upya.

Wiki iliyofuata, mkono laini vilevile. Nyumbani tulimsikia kaka akiukaripia kama mtoto mvivu.

Safari hii Ignas alimvua shuka, akakuta kijana mwenye kovu bega la kushoto.

"Mwili wako una askari," akasema. "Walishapambana na ugonjwa huu, sura yake wanaijua. Ukija tena wanaumaliza mlangoni, hata uvimbe huoni. Haya, Maige mwenyewe yuko wapi?"

Alikutwa ndani ya kihenge cha mtama. Alichanjwa palepale, akilia. Homa ilimshika siku kadhaa, akamtukana kaka kutwa, akavunja uchumba. Nilicheka sana, mpaka nilipomwona Bujiku hali chakula.

Msimu wa mvua ndui ikaingia kweli. Ikamuua mdogo wake Maige, aliyekuwa amekimbilia porini siku ya chanjo. Maige alimuuguza mpaka mwisho kwa mikono yake, asiote hata kipele.

Matanga yalipoisha akaja kwetu. Hakutaka kiti. Alifunua bega lake mbele ya kaka.

"Nilikuagiza kovu," akasema. "Umelileta. Njoo umchukue mkeo."